Uzi: Mlezi wa masoko kwa biashara ndogo tumtafute wapi, na mfano wa kuigwa tuusomeje?

Karanga za Nzuguni (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Swali linalorudi humu kila baada ya wiki chache ni hili: mwenye biashara ndogo atampata wapi mtu wa kumwongoza katika masoko, na ni mfanyabiashara gani mkubwa amfanye mfano wa kuigwa? Majibu yamekuwa mafupi mno kwa uzito wa swali lenyewe. Tunaambiwa tumtafute aliyefanikiwa, tuombe muda wake, tumfuate. Nilifuata ushauri huo kwa karibu miaka miwili nikapoteza fedha, kisha nikapata mwongozo mahali ambapo sikuwa nimefikiria kutazama. Naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo.

Ninatengeneza siagi ya karanga hapa Dodoma. Tupo watatu tu: mimi, mdogo wangu, na mama mmoja jirani anayetusaidia kuchambua. Karanga tunazichukua kwa wakulima wa Kongwa na Mpwapwa, tunazipepeta, tunaondoa kwa mkono zile zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye ukungu kwa kuhofia sumukuvu, ndipo tunakaanga, tunasaga na kujaza kwenye chupa za gramu 400. Upande wa uzalishaji sikuwa yatima, kwa sababu ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, ilinifundisha usindikaji na kunipa barua ya utambulisho ya kwenda TBS, shirika la viwango. Lakini siku nilipopata bidhaa safi yenye lebo inayosomeka ndiyo siku niliyogundua kwamba sijui kuuza. Niliziacha chupa kwenye maduka 22 kwa mali kauli, yaani nilipwe zikishauzwa, na mwisho wa mwezi karibu nusu yake zilinirudia zikiwa na vumbi.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho wengi wetu hufanya. Nililipa shilingi 350,000 kuhudhuria semina ya siku mbili katika ukumbi wa hoteli, ambako wazungumzaji walitusimulia walivyoanza bila mtaji, walivyokataliwa mikopo, na walivyoamka saa kumi alfajiri kila siku kwa miaka kumi. Sidai kwamba walidanganya. Ila nilirudi nyumbani na daftari lililojaa maneno ya kutia moyo, na hakuna hata sentensi moja iliyonieleza kwa nini mwenye duka wa Area C anairudisha chupa yangu. Baadaye nikamlipa mtu aliyejitambulisha kuwa mshauri wa masoko ya mtandaoni. Alinifungulia kurasa, akanipigia picha nzuri, nikapata wafuasi wengi wa Dar es Salaam, Mwanza hata Nairobi, ambao sikuweza kumfikishia hata mmoja wao chupa moja kwa nauli inayolingana na bei ya chupa hiyo.

Hapo ndipo nilipoona kwamba nilikuwa nikichanganya watu wawili tofauti. Mfano wa kuigwa ni mtu unayeweza kumsoma hata kama hajui kwamba upo. Mlezi ni lazima akujue, ajue chupa zako zimerudi ngapi, na awe na haki ya kukuuliza swali usilolipenda. Mimi nilikuwa nikiwalipa watu wa aina ya kwanza nikitegemea kazi ya watu wa aina ya pili.

Nianze na mfano wa kuigwa. Wengi wetu tunamtaja Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Zanzibar wa mwaka 1949, ambaye habari zake zinajulikana: aliacha shule akiwa na miaka 14, akaanza na biashara ndogo ndogo za chakula, akafungua mgahawa Dar es Salaam katika miaka ya 1970. Simulizi hiyo inasisimua, lakini haikunifaa kitu mpaka nilipoacha kumtazama mtu nikaanza kutazama njia ambayo bidhaa yake inamfikia mnunuzi. Iangalieni aiskrimu yake ya Azam. Haimsubiri mtoto aende dukani, bali inaletwa mtaani kwa baiskeli yenye sanduku la baridi na muziki ambao mtoto anautambua akiwa bado ndani ya nyumba, nayo inauzwa kwa kipimo ambacho sarafu alizopewa na bibi yake zinatosha. Ndani ya picha hiyo moja kuna tangazo, usambazaji, ukubwa wa kifungashio na bei, na vyote vinaonekana bure ukisimama pembeni ya barabara kwa nusu saa.

Mfano wa pili ninaoupenda ni M-Pesa ya Kenya. Kabla haijazinduliwa rasmi mwezi Machi 2007, ilijaribiwa Nairobi na Thika kama njia ya wakopaji wadogo kulipa marejesho ya mikopo yao. Waliokuwa wakiijaribu wakaonekana wakitumiana fedha wao kwa wao kwa mahitaji yao mengine kabisa. Wahusika wakalitazama jambo hilo kwa makini, na huduma ilipotangazwa kwa umma ujumbe wake ulijengwa juu ya kitu kimoja tu, yaani kutuma pesa nyumbani. Naona hili ni somo kubwa la masoko kuliko semina yote niliyohudhuria: mteja ndiye aliyewaonyesha bidhaa yao ni ya kazi gani, nao wakakubali kuonyeshwa.

Sasa nije kwa mlezi. Wangu nilimpata kwa kukaa nje ya duka.

Asubuhi moja nilikwenda kwenye duka mojawapo kati ya yale yaliyokuwa yakinirudishia mali, nikaomba ruhusa ya kukaa kwenye benchi la nje, nikakaa kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne nikiandika nani anaingia na anatoka na nini. Karibu kila mtu ambaye ningemtarajia anunue siagi yangu alitoka ameshika mkate. Mikate ile ilikuwa imeshushwa alfajiri kutoka kwenye guta la mzee mmoja mwenye tanuri lake upande wa Chang'ombe. Nikaelewa kwamba mzee yule anamjua mteja wangu kuliko ninavyomjua mimi, na hatugombanii hata senti moja ya mteja huyo.

Sikumwomba awe mlezi wangu. Nadhani ningemwomba hivyo angeshangaa na kunipeleka kwa mwanawe aliyesoma. Nilimwamkia, nikajitambulisha, nikamuuliza swali moja: duka linalomaliza mikate yake kabla ya saa tatu limenirudishia chupa tisa kati ya kumi na mbili, anadhani ni kwa nini? Hakunijibu. Aliniuliza chupa zangu zinakaa rafu gani, nikabaki kimya kwa sababu sikujua. Akaniambia nikishajua nirudi.

Zilikuwa rafu ya juu kabisa, nyuma ya madumu ya mafuta ya kupikia. Niliporudi kwake siku ya tatu, alinieleza kwa subira kwamba mwenye duka huweka karibu na mkono wake kitu kinachotoka kila siku, na kwamba chupa yangu haikuwa na sifa ya kutoka kila siku kwa sababu ya ukubwa wake. Mkate, alisema, hununuliwa kwa fedha ya leo, na chupa yangu ilikuwa inadai fedha ya wiki nzima. Akanikataza kabisa kupunguza bei, jambo ambalo nilikuwa nimeshaamua kulifanya, akaniambia nipunguze chupa. Akaniambia pia nimfundishe mwenye duka sentensi moja tu ya kumwambia mama anayeuliza: karanga hizi zimechambuliwa kwa mkono, mbovu zimetolewa.

Nilianza chupa za gramu 100, nikaomba zikae kando ya mikate. Mwezi wa pili nilirudishiwa chupa chache kiasi cha kuhesabika kwa vidole. Mwezi wa nne mzee akakubali makasha yangu yapande guta lake kwenda maduka manane, nami nachangia mafuta.

Hoja yangu basi ni hii, na ningependa mnipinge kama mnaona nimekosea: mlezi wa masoko wa biashara ndogo atafutwe kwanza miongoni mwa watu wanaomuuzia mteja yule yule bidhaa nyingine, waliotutangulia kwa hatua ambazo bado wanazikumbuka, na wanaofikika kwa miguu au kwa daladala. Anayeshona sare za shule amtafute muuza madaftari. Anayefuga kuku wa mayai amtafute anayewauzia mama lishe unga na mchele. Hawa hawana sababu ya kutuficha.

Nimewachosha. Karibuni.

Mkufunzi wa Mzumbe

Dada, ahsante kwa uzi ulioandikwa kwa utulivu. Ulichokieleza kwa uzoefu kimewahi kupimwa, na matokeo yake yanastahili kujulikana na kila anayepanga kulipia semina.

Wachumi watatu, Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson, walifanya utafiti Dandora, Nairobi, ukachapishwa mwaka 2018. Waliwachukua wanawake vijana wenye biashara ndogo wakawagawa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa darasa la biashara, wengine wakakutanishwa na mwanamke mfanyabiashara mwenye uzoefu wa eneo lile lile, na wengine wakaachwa kama walivyokuwa ili walinganishwe nao. Waliokaa darasani walibadili baadhi ya taratibu zao za kazi, lakini faida yao haikuongezeka. Waliopewa mlezi walipata faida iliyozidi kwa wastani wa asilimia 20 hivi. Watafiti walipochimba sababu, waliona kwamba walezi hawakuwa wakitoa nadharia yoyote. Walikuwa wakiwaelekeza wenzao habari za eneo lao, hasa msambazaji gani ana bei nafuu zaidi.

Kuna sehemu ya pili ambayo watu huisahau. Faida hiyo ilikuwa kubwa mwanzoni, kisha ikafifia kadiri walezi na walelewa walivyoacha kukutana. Kwa hiyo ninakuuliza kwa nia njema: umejiandaaje kwa siku ambayo mzee wa mikate atachoka?

Kijana wa Mtaa wa Kongo

Mkuu Mkufunzi, maneno hayo ya msambazaji nafuu ndiyo sisi wa Kariakoo tunayaita kuonyeshwa machimbo, na hapo ndipo ninapotofautiana kidogo na mleta uzi.

Nilikaa miaka minne kwenye duka la ndugu nikipanga mzigo, nikipokea simu za wateja wa mikoani na kulala juu ya mabelo. Wengi waliokuwa kwenye korido ile walikuwa vijana waliokuja kutoka Makete wakiwa na mpango unaoeleweka na pande zote mbili: unamtumikia mwenye duka kwa uaminifu, na muda ukifika anakusaidia kufungua la kwako. Hakuna aliyetufundisha masoko kwa jina hilo. Tulijifunza kwamba mteja wa Songea akipiga simu Jumatatu anauliza bei tu, na akipiga Alhamisi ana fedha mkononi. Tulijifunza kumtumia mteja picha ya mzigo ukiwa bado umefungwa, ili aamini kwamba ni mpya. Elimu ya namna hii haipatikani kwa swali moja la asubuhi, bali kwa kuishi na mtu.

Wasiwasi wangu ni kwamba Mzee wa Chang'ombe alikuambia kuhusu rafu kwa sababu rafu hazimgharimu kitu. Ungemuuliza ngano anaichukua kwa nani na kwa bei gani, je, angekujibu? Watu wetu si wabaya, ila kila mtu ana mlango mmoja asioufungua, na huo ndio wenye thamani kubwa.

Karanga za Nzuguni (mleta uzi)

Kaka wa Mtaa wa Kongo, umesema kweli, na nakiri kwamba sikuwahi kumuuliza habari za ngano yake. Naona hainihusu. Pengine hilo ndilo lililomfanya anifungulie milango mingine. Ninachokiona katika maelezo yako ni kwamba ulilipia elimu yako kwa miaka minne ya kazi, na sisi tulioanza biashara tukiwa na watoto na kodi ya pango hatuwezi kulipa kiasi hicho. Hata hivyo, nililipa kidogo kwa sarafu hiyo hiyo: kwa wiki sita, Jumanne na Ijumaa, nilipanda guta alfajiri nikasaidia kushusha makreti ya mikate. Nilijifunza zaidi kwenye guta kuliko nilipokuwa nimekaa mbele yake nikiuliza.

Mwalimu, swali lako limenigusa. Nitalirudia.

Binti wa Malindi, Unguja

Assalamu alaykum wote. Mimi nashona mikoba ya ukili na vitambaa vya kanga, nauza Mji Mkongwe na kwa hoteli mbili za kaskazini.

Kwetu mtu mnayemjadili angeweza kuitwa somo. Somo humfunda msichana mambo ambayo mama yake mzazi anaona haya kumwambia, na kwa mila zetu somo huwa ni mtu mmoja anayejulikana, mwenye wajibu unaojulikana, wala hachaguliwi ovyo. Naliona neno hili linatufaa katika biashara, kwa sababu linatukumbusha kwamba ukweli mchungu huusikii kwa kila mtu. Mama yangu alikuwa akiisifu mikoba yangu yote. Somo wangu wa biashara, ambaye anauza mafuta ya mkaratusi na sabuni za mwani kwa hoteli zile zile, aliishika akaniambia kwamba kamba zitamkata bega mgeni, na kwamba mgeni ananunua kitu ambacho kitaingia kwenye begi lake la ndege bila kuvunjika wala kukunjika. Nililia usiku ule, kisha nikabadili kamba.

Nataka niongeze jambo ambalo kina kaka huenda hamlioni. Mwanamke kijana akimwendea mzee wa kiume kuomba mwongozo, watu wanasema, na wakati mwingine mzee mwenyewe anaelewa vibaya. Dada, wewe ulipanda guta alfajiri bila tatizo nami ninamshukuru Mungu kwa hilo, lakini wapo wenzetu ambao hawataweza. Ushauri wangu ni kwamba mazungumzo yafanyike dukani saa za kazi, mlango ukiwa wazi, na mara ya kwanza mtu aende na mwenzake. Zaidi ya hapo tuwatafute wanawake wenyewe. Kwa walioko bara, chama cha wafanyabiashara wanawake, TWCC, kipo tangu 2005, na wakati wa Sabasaba na Nane Nane wanachama wake huwa kwenye mabanda. Usiende kwenye maonesho hayo ukiwa muuzaji tu. Mwachie mtu banda lako kwa nusu siku, upite ukitazama nani anamuuzia mteja wako kitu kingine.

Mshonaji Nakuru

Hamjambo nyote. Uzi mzuri sana, nami nimeufuata kutoka upande huu wa mpaka.

Ningependa tutazame kwa makini hii mifano mikubwa. Hapa Kenya kila mtu humtaja James Mwangi wa benki ya Equity. Taasisi hiyo ilianzishwa mwaka 1984 kama chama cha akiba na mikopo ya ujenzi wa nyumba huko Murang'a, na alipojiunga nayo mwaka 1993 ilikuwa katika hali mbaya kifedha. Ikajijenga upya kwa kuwahudumia watu ambao benki nyingine hazikuwataka, wakulima wa majani chai na wachuuzi wa sokoni, hata ikawapelekea huduma kwa magari yaliyozunguka vijijini, na mwaka 2004 ikawa benki kamili. Ukisoma hadithi hiyo kama hadithi ya ujasiri wa mtu mmoja, utatoka na hamasa ya siku mbili. Ukiisoma kama jibu la swali la nani ameachwa bila kuhudumiwa, basi hata mshonaji wa Nakuru anaweza kuitumia. Mimi niliitumia: niliacha kushindana kwa suti za harusi, nikaanza kurekebisha nguo za mitumba ili ziwakae vizuri wanawake wanene, ambao kila fundi alikuwa akiwafukuza kwa maneno ya kuudhi.

Vilevile tukumbuke nyakati. Wafanyabiashara wengi wa Tanzania mnaowataja walipanuka wakati biashara ilipolegezewa masharti katikati ya miaka ya 1980 na baada ya hapo. Bidhaa zilikuwa adimu, na aliyeweza kuzileta sokoni hakuhitaji kumshawishi mtu. Leo rafu zimejaa. Tuige namna walivyosoma mahitaji ya wakati wao, kwa sababu hatua zenyewe walizopita hazipo tena.

Kuhusu mlezi kuchoka: katika chama chetu cha wanawake kumi na wawili tunakutana kila Jumamosi ya kwanza, na kabla ya kutoa michango, mmoja huweka mbele ya wenzake daftari lake la mauzo la mwezi, tunalijadili kwa saa nzima. Kila mtu hupata zamu mara moja kwa mwaka. Hakuna anayechoka kwa sababu hakuna aliye mlezi peke yake.

Mkazi wa Kampala

Nakubaliana na mengi, lakini sikubali kwamba lazima mlezi awe jirani. Kulifanyika utafiti hapa Uganda uliohusisha wajasiriamali zaidi ya 900, ambapo baadhi yao waliunganishwa kupitia mtandao na wataalamu wa nchi za nje waliojitolea, wakawa wanazungumza nao kwa simu na video kwa miezi kadhaa. Mauzo ya waliounganishwa yaliongezeka kwa zaidi ya robo ukilinganisha na wenzao, na badiliko kubwa lilikuwa katika mkakati wao wa masoko, kwa sababu mtu wa mbali alishangaa mambo ambayo jirani ameyazoea. Mgeni anakuuliza: unatofautianaje na duka la pili? Jirani hakuulizi hivyo kwa sababu anaona maduka yote yanafanana na ndivyo maisha yalivyo.

Njia zipo. MicroMentor ni jukwaa la mtandaoni lisilo na malipo linalokutanisha wenye biashara na washauri wanaojitolea. Taasisi ya Tony Elumelu imekuwa ikiendesha programu yake kwa vijana wa nchi zote za Afrika tangu 2015, ikitoa mafunzo, mlezi, na mtaji wa dola 5,000 kwa wanaochaguliwa. PUM ya Uholanzi huwatuma wataalamu wakongwe, wengi wao wastaafu, kwa kampuni ndogo na za kati, ingawa biashara ya watu watatu inaweza kuwa ndogo mno kwao.

Mama Sambusa, Columbus, Ohio

Naunga mkono kwa sehemu, ndugu wa Kampala, nikitoa mfano wangu. Ninapika sambusa, maandazi na pilau za shughuli hapa Marekani. Nilipoanza nilikwenda SCORE, mtandao wa wafanyabiashara waliostaafu na walio kazini wanaojitolea kuwashauri wenye biashara ndogo bila malipo, ambao upo tangu 1964. Nilipewa mzee mmoja Mmarekani, mtu wa heshima sana. Alinisaidia kwa leseni, kwa hesabu ya gharama ya kila sambusa, na kwa jambo moja la masoko ambalo sitalisahau: alinitaka niandike jina la chakula pamoja na vilivyomo ndani, kwa sababu Mmarekani hanunui asichokielewa.

Lakini nilipotaka kuwafikia Wakongo, Wasomali na watu wetu wa pwani, ambao ndio wanaoagiza trei tano tano za harusi na misiba, hakuwa na la kuniambia. Aliyenisaidia hapo ni dada Mkongo anayesuka nywele, kwa sababu habari zote za harusi za miezi mitatu ijayo zinapita kwenye kiti chake. Nilimwachia sambusa kumi kila Jumamosi asubuhi kwa ajili ya wateja wanaosubiri. Walezi wangu ni wawili, kila mmoja kwa upande wake.

Mhitimu asiye na mtaji

Wakubwa, shikamooni. Nina swali dogo. Mlezi analipwaje? Naogopa kumwendea mtu mikono mitupu, na nikimpa fedha naona nitakuwa nimemfanya mshauri wa kukodi.

Binti wa Malindi, Unguja

Marahaba. Mpe kitu cha kazi yako kwa kiasi kidogo, na mpe habari. Mimi humwambia somo wangu kila ninaposikia hoteli imebadilisha meneja wa manunuzi. Habari hiyo kwake ni fedha.

Kijana wa Mtaa wa Kongo

Na umrudishie jibu. Mtu akikushauri, fanya, kisha rudi umwambie kilichotokea, hata kama kimeharibika. Tajiri wangu wa zamani alikuwa akisema kijana asiyerudi na majibu amekula ushauri wa bure. Kama hujafanya alichokuambia, usiende kuomba kingine.

Karanga za Nzuguni (mleta uzi)

Nimesoma kila mchango mara mbili, nami nina haja ya kurekebisha hoja yangu ya mwanzo. Niliandika kana kwamba mlezi ni mmoja, na sasa naona kosa hilo. Mzee wa mikate ananitosha kwa maduka ya mtaani. Hanitoshi kwa swali la ndugu wa Kampala la ninatofautianaje na siagi zinazotoka nje, zilizoko kwenye rafu za maduka makubwa, kwa sababu yeye hajawahi kuuza huko na amekuwa mwaminifu kuniambia hivyo. Nimejiandikisha MicroMentor jana usiku, na katika maelezo yangu sikuandika kwamba nahitaji mwongozo wa masoko. Niliandika kwamba chupa ya gramu 100 inatoka na ya gramu 400 hairudiwi na mnunuzi, nikaeleza bei zote mbili na idadi ya miezi mitatu.

Mwalimu wa Mzumbe, uliniuliza nimejiandaaje kwa siku mzee atakapochoka. Nilikuwa sijajiandaa. Leo asubuhi nilimpelekea habari za chama cha Mshonaji wa Nakuru, akasikiliza akiwa anafunga makreti, kisha akanitajia watu watatu wanaoyahudumia maduka yale yale manane: anayeleta maziwa, anayeleta mayai, na mama wa majani ya chai. Alisema hawajawahi kukaa pamoja hata siku moja, ingawa hupishana mlangoni kila alfajiri. Tumekubaliana tukutane Jumapili saa tisa alasiri kwenye tanuri lake, kwa kuwa siku hiyo haliwashwi, na kila mmoja aje na daftari lake la mali iliyorudishwa. Mama wa majani ya chai hana daftari, huhesabu kichwani, kwa hiyo kesho nitakwenda kwake tukaliandike pamoja.